Picha Zinazopiga Hodi

Efrazia wa Manundu hapendi mtu aingie bila hodi, na kwake ni mamoja awe mtu wa nyama na damu au mtu wa kwenye picha. Ukimpelekea picha zako azipange kwenye kishikwambi chake kwa ajili ya sherehe, kila picha itakuja mpaka ukingoni mwa kitambaa cheupe cha projekta, itasimama hapo kidogo, kisha ndiyo iingie taratibu mpaka katikati. Ukimuuliza kwa nini inasimama, atakutazama kama umemuuliza kwa nini amevaa nguo. "Inapiga hodi," atakujibu. "Kwenu mnaingiaje?"

Vijana wenye kompyuta pale stendi ya Korogwe wanamcheka. Wao wanajua kwamba programu hizi za slaidi zina mbwembwe chungu nzima: picha inaweza kuzunguka kama pia, kudunda kama mpira, kuporomoka kutoka juu, au kuvunjika vipande na kujiunga tena. Basi wanazitumia zote kwenye harusi moja. Unamwona baba mkwe, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, anaingia kwa kudundadunda mbele ya wakwe. Efrazia akiona hayo husonya. Mtu mzima hapigi sarakasi, husema, na mgeni haanguki kutoka darini labda awe mjusi.

Kabla hajagusa picha hata moja, ana swali lake. Atakuuliza nani anamwamkia nani. Anayepokea shikamoo ndiye anayetangulia kuingia, na anayeitoa anasubiri zamu yake. Ukoo mzima anaupanga hivyo, kuanzia bibi mpaka kitukuu, na hakuna shangazi aliyewahi kulalamika kwamba amewekwa nyuma ya mtoto. Sisi wa Manundu tunajua shangazi wanavyoweza kuivuruga sherehe, kwa hiyo tunajua hilo si jambo dogo.

Kwao ni Dindira, kule juu kwenye mashamba ya chai. Alishuka Korogwe kwa kuolewa, na miaka mingi alikuwa na studio yake ya picha hapa Manundu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria. Nusu ya mtaa huu tuna picha tumesimama mbele ya ndege ile, wengine tumeshika na mkoba wa safari. Halafu simu zenye kamera zikaingia kila mfuko, na studio ikafa polepole mpaka wateja waliobaki ni wa pasipoti saizi tu. Binti yake Loveness, aliye nesi Tanga, akamletea kishikwambi ili mama asikilize mahubiri. Efrazia mahubiri aliyasikiliza Jumapili mbili. Baada ya hapo akaingiza picha za studio humo, akagundua kwamba zinaweza kutembea, na mahubiri yakasubiri.

Hakufundishwa na mtu. Alikaa na kile kishikwambi mapajani, akajaribu hiki na kile kwa kidole, mpaka akajua picha inatokaje kushoto, inakwendaje pole, na inangojaje mpaka mwenyewe aguse ndipo iendelee. Hilo la kungoja ndilo lililompendeza kuliko yote. Vijana huziacha picha ziende zenyewe kama maji ya bomba. Yeye huziendesha moja moja kwa kidole chake, akiutazama ukumbi, na haguswi na haraka ya mtu. Mathias, mshereheshaji mwenye suti za kung'aa, ndiye aliyeanza kumchukua kwenye sherehe, na muda si muda ikawa kamati ya harusi haijakamilika bila kumtaja Efrazia.

Hodi hiyo ilimpa jina, lakini kuna jambo moja alilisahau, nalo nusura limpoteze.

Mwaka juzi wajukuu wa Bibi Amne walikusanyika kutoka Dar na Arusha kumfanyia bibi yao hafla ya shukrani. Bibi Amne ni mkongwe wa Manundu, amewafunda nusu ya mabinti wa mtaa. Ukumbi ulijaa, bibi akakalishwa kwenye kiti kilichopambwa, kanga mpya, soda mkononi. Picha zikaingia kwa hodi zao, moja baada ya nyingine, watu wanapiga vigelegele. Ikabaki ya mwisho, bibi anacheka na pengo lake.

Sasa ujue kwamba miezi ile Efrazia alikuwa ametoka kwenye misiba mfululizo. Msibani picha ya mwisho huipandisha juu polepole, ikififia kadiri inavyopanda, mpaka kitambaa kinabaki cheupe kitupu. Watu walilia vizuri, wakamshukuru, na kidole kikazoea. Kwa Bibi Amne akaona naye ampandishe vilevile, maana mtu mwenye heshima hupandishwa juu, au siyo? Akagusa. Bibi akapanda akicheka, akafifia, akatoweka.

Mdogo wake bibi, Mwaija, akaweka mikono kichwani, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," na meza tatu za nyuma zikaitikia. Kuna mama mmoja alianza kulia kabisa, kwa sauti. Bibi Amne akakitazama kile kitambaa kitupu, akaitazama chupa yake. "Mbona mnanizika na soda yangu haijaisha?" akauliza.

Yeye mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa, lakini wanawe hawakucheka. Mwanawe mkubwa alimfuata Efrazia pembeni akamwambia kwamba yeye hakumwalika Ziraili kwenye sherehe ya mama yake. Neno hilo lilisikiwa, na kufika kesho yake asubuhi mtaa mzima ulikuwa unamwita Mama Ziraili. Tuseme ukweli, tulimwita. Jina lilikuwa tamu mdomoni na sisi hatukujizuia.

Kamati zikaanza kumkwepa. Mathias akampigia simu akamwambia, "Dada Efrazia, tupoe kidogo, watu wasahau." Kupoa kukawa miezi. Nani ampe harusi yake Mama Ziraili? Efrazia akakifunga kishikwambi kwenye kitenge, akakiweka juu ya kabati, akarudi kwenye pasipoti saizi zake. Loveness akamwambia akiuze. Hakukiuza, lakini pia hakukigusa. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu kosa alilijua ni lake, na la adabu kabisa, yeye mwalimu wa hodi. Aliye hai akiaga hutoka mlangoni, tena husindikizwa. Anayepanda juu peke yake ni marehemu. Kitu ambacho mtoto wa Dindira anakijua tangu anabebwa mgongoni, yeye alikisahau kwa mazoea ya kidole. Alichokuwa anakitaka sasa ni kitu kimoja tu, apate mahali pa kulisafisha jina lake mbele ya watu, na mahali hapo hapakuonekana.

Siku moja ya soko akaja mama mmoja Mmasai, mwenye shanga na shuka la zambarau, akaketi kwenye kile kigoda cha kupigia picha bila kuambiwa. Efrazia akadhani ni mteja wa pasipoti, akaanza kulinyoosha pazia.

"Wewe ndiye uliyemwondoa yule bibi?" mama akauliza.

Efrazia akaliacha pazia. "Bibi yupo. Jana tu nimemwona sokoni ananunua dagaa."

"Najua yupo. Dada yake mkwe wangu alikuwa humo ukumbini, ametuhadithia. Anasema bibi alipanda pole kama moshi wa asubuhi, mpaka watu wakalia." Mama akashika fundo la shuka lake. "Mimi wangu ameondoka kweli. Na hakuna aliyemwondoa hivyo."

Huyo ndiye Simaloi, mjane, kwao nje ya Chanika, kwenye nyika ya Handeni. Binti yake Nasinkoi, anayeuza dawa za mifugo mjini Chanika, alikuwa anaolewa na Julius, kijana wa Mnyuzi, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kumuaga nyumbani. Simaloi alitaka baba awepo siku hiyo. Akafungua fundo la shuka, akatoa kitambulisho cha kura cha marehemu na simu yake ya kupangusa, kioo kimepasuka kona. Efrazia akavipokea kwa mikono miwili. Alipofunga mlango jioni ile alikishusha kishikwambi kutoka juu ya kabati, akakipangusa vumbi, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa msichana.

Alifanya kazi wiki nzima. Ile picha ndogo ya kitambulisho akaikuza, akaisafisha madoa, akaiwekea mawingu nyuma, na chini yake akaandika jina lote la marehemu kwa herufi za dhahabu, herufi moja moja zikiingia kwa hodi. Safari hii kupanda juu kulikuwa halali, akajiambia. Ijumaa akapanda basi la Handeni, na kutoka Chanika pikipiki ikamfikisha kwenye boma la kina Simaloi mchana kweupe.

Mkubwa wa pale alikuwa mzee Leboo, kaka yake marehemu, mrefu, mkimya, fimbo haimtoki. Efrazia akamwamkia, "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia marahaba, kisha naye akamsalimu kwa Kimaa, "Takwenya," na Efrazia, aliyefundishwa na Simaloi njiani kwa simu, akajibu, "Iko." Watoto wakafurahi. Kwa adabu yake akaona mzee ndiye aone kazi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akamwekea kishikwambi mbele, akagusa. Uso ukaja ukingoni, ukasimama, ukaingia, na herufi za dhahabu zikaanza kujipanga chini yake.

Mzee Leboo akageuza uso. "Zima," akasema.

Efrazia akazima.

"Mama, wewe ni mgeni, hukukusudia," mzee akasema, bado anatazama pembeni. "Kwetu aliyelala, jina lake linalala naye. Hatuliiti. Ukimwita atageuka, na sisi hatutaki ageuke, tunataka apumzike. Kesho tunambariki mtoto. Ukileta sura hiyo na jina hilo mbele ya watu, mimi na wazee wenzangu tutasimama tuondoke, na mtoto atatoka hapa bila baraka. Sasa chagua."

Kwa sababu hiyo hata mimi ninayekusimulia sitalitaja jina hilo hapa, na wala usiniulize.

Simaloi alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, ameinamisha kichwa. Alilijua hilo tangu mwanzo. Alimtaka mumewe siku hiyo kiasi kwamba alitumaini wazee watalegea wakishaona picha ilivyo nzuri, ndiyo maana kule Korogwe hakusema. Efrazia hakuwa na moyo wa kumlaumu. Akatoka akaketi juu ya gogo karibu na zizi, kishikwambi mapajani, akawaza kwamba bibi wa watu alimzika akiwa hai, na sasa huyu karibu amwamshe akiwa amekufa. Akifukuzwa hapa kesho mbele ya watu wa Mnyuzi, Korogwe nzima itapata habari kabla basi halijafika, na hapo jina la Ziraili litamfuata mpaka kaburini kwake mwenyewe.

Nasinkoi akamletea chai ya maziwa. Ni msichana mwenye maneno machache na meno mazuri. Efrazia akaipokea, na kwa kutafuta tu la kufanya akaiwasha ile simu ya marehemu, akaanza kupitisha picha.

Ng'ombe. Picha ya kwanza ng'ombe, ya pili ng'ombe, ng'ombe wamelala, ng'ombe wanakunywa maji, jicho la ng'ombe limejaza kioo kizima. Mtu hakuna.

"Hakupiga watu?" Efrazia akauliza.

"Baba alisema watu wanaweza kujieleza wenyewe," Nasinkoi akajibu. Akainama juu ya kioo, na mara maneno yake yakawa mengi. Huyu mweupe ni Naibor, huyu mwekundu ni Nanyokie, ana wivu, huyu mweusi ni Narok, mama yake alitolewa mahari ya bibi. Alikwenda hivyo, picha baada ya picha, tabia za kila mmoja, nani alizaliwa mvua gani, nani aliwahi kupotea mpaka upande wa Kilindi na baba akamfuata kwa miguu.

Ndipo ikaja picha moja, jua limelala, kundi linaelekea langoni, na nyuma yao juu ya vumbi kimeanguka kivuli kirefu cha mtu. Fimbo imelala mabegani, kiwiko kimoja kiko juu kwa kushika simu. Alikuwa nyuma ya ng'ombe wake, anapiga picha, na jua likampiga yeye. Nasinkoi aliigusa tu picha kwa kidole kimoja, akaondoka kwenda kuchota maji.

Efrazia akamwendea mzee Leboo. "Mzee, ng'ombe majina yao yanatajwa?"

"Ng'ombe wapo hai. Kwa nini yasitajwe?"

"Basi kesho hakutakuwa na sura ya mtu aliyelala, wala jina lake. Nipe ruhusa nijaribu."

"Tutaona," mzee akasema.

Jioni ile Efrazia alisimama pembeni mwa lango kuangalia ng'ombe wanavyorudi, maana hawezi kumwingiza mtu kwa picha kabla hajajua anavyoingia kwa miguu. Na alichokiona kilimfanya atabasamu peke yake. Ng'ombe wa mbele alifika langoni, akasimama, akainua kichwa, akatazama ndani, kisha ndiyo akaingia. Wa pili vilevile. Wanapiga hodi, jamani, akajisemea, na hakuna aliyewafundisha. Akalipiga picha lango likiwa tupu, baada ya wa mwisho kupita.

Usiku akaanza kuwakata kwa kidole kwenye zile picha za simu, kila ng'ombe kufuata ukingo wa mgongo, pembe na kwato, ili aachane na majani ya nyuma yake na aweze kutembea mwenyewe. Kazi ya subira. Alipowapanga kwa mara ya kwanza alifuata desturi yake ya shikamoo, akamtanguliza dume mkubwa kama mwenye nyumba. Nasinkoi akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, dume haongozi. Anaongoza Naibor, mkongwe wao. Dume yuko nyuma anatafuta ugomvi." Efrazia akampeleka dume nyuma, bila ubishi. Asubuhi, watu wakichinja na kufunga turubai, yeye bado alikuwa anapunguza mwendo wa Nanyokie, maana Nasinkoi alisema yule hana haraka.

Adhuhuri magari ya Mnyuzi yakafika, na nani anashuka na suti ya bluu ya kung'aa kama si Mathias. Upande wa Julius ndio uliomkodi. Akamwona Efrazia anafunga kitambaa chake cheupe ndani ya turubai, karibu na genereta, uso ukamshuka.

"Dada Efrazia. Na wewe upo?"

"Nipo."

"Dada, hawa ni wakwe. Hakuna mtu atakayepanda juu leo?"

"Leo wewe usiseme neno mpaka nimalize," Efrazia akamjibu. "Hata neno karibuni usiseme. Ukifungua mdomo nazima."

Mathias akakaa. Wakati ulipofika pande za turubai zikashushwa, ndani kukawa na kiza cha kutosha. Wazee wakakaa mbele na fimbo zao, mzee Leboo katikati. Watu wa Mnyuzi wakanong'ona, wameshasikia ni nani mwenye kishikwambi. Kwenye kitambaa likatokea lango tupu, lile lile lililokuwa pale nje, na watoto wakageuka kuangalia kama lango lao limehamishwa.

Efrazia akagusa. Naibor akaja ukingoni, akasimama. Alimwacha asimame zaidi kidogo kuliko kawaida. Kisha akagusa tena, na ng'ombe yule mweupe akatembea taratibu akaingia langoni.

Ni genereta tu inanguruma. Halafu kutoka mstari wa mbele ikasikika sauti nzito, chini chini, kama mtu anajisemea. "Naibor."

Akaja Nanyokie, akasimama, akaingia kwa maringo. "Nanyokie," sauti ikasema, safari hii wazi. Akaja Narok, na mzee Leboo hakuwa peke yake tena, wazee wawili walimtaja pamoja naye. Kwa kila ng'ombe sauti ziliongezeka, wazee, wamama, wachungaji waliosimama nyuma, mpaka watoto wadogo wanaita jina la ndama kabla hajafika ukingoni. Watu wa Mnyuzi hawakujua Kimaa, lakini walikwisha kujua kwamba wanaitiwa mali ya mtu mmoja, jina kwa jina, na kila mtu humo ndani alijua ni ya nani. Dume akaingia mwisho, pembe chini, turubai zima likacheka.

Efrazia akagusa.

Kivuli kikaja kwenye vumbi, kirefu, fimbo mabegani, kiwiko juu. Kikafika langoni, kikasimama. Hiki hakuwa amekipangia kuingia.

Kicheko kikakatika. Simaloi akaweka shuka mdomoni. Wazee wakamgeukia mzee Leboo, kwa sababu yeye akisimama na kuondoka, nao wanaondoka. Na mzee akasimama. Efrazia aliona fimbo ikinyanyuka. Akajiambia basi, ndiyo imekwisha, angalau nimejaribu kwa adabu.

Mzee Leboo hakwenda mlangoni. Alikwenda mbele, polepole, akapita katikati ya mwanga wa projekta, na kivuli chake mwenyewe kikaanguka juu ya kitambaa, kando ya kile kingine. Vikasimama viwili langoni, urefu mmoja, fimbo kwa fimbo. Alikaa hivyo. Mgongo wake ulikuwa unatikisika kidogo, na hakuna aliyejifanya haoni.

"Wote wameingia," akasema kwa Kimaa, na mtu akawatafsiria wageni. "Lango lifungwe."

Efrazia akafuta macho kwa kiganja, maana kazi ilikuwa haijaisha. Akagusa kwa mara ya mwisho. Nasinkoi akatokea kutoka ndani ya lango, amevaa shanga zake, akatembea kuelekea pembeni, kwa njia ya chini, njia ya watu walio hai. Na kile kivuli kikageuka naye. Kikamfuata kando kando mpaka ukingoni mwa kitambaa, kama mzazi anavyomsindikiza mtoto mpaka njia panda. Hapo kikasimama. Binti akapita, akatoka upande wa Mnyuzi, kivuli kikabaki.

Mathias, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa neno, alikuwa ameshika kipaza sauti kifuani anatokwa na machozi.

Pande za turubai zikapandishwa. Mzee Leboo akamwita Nasinkoi, akampigisha magoti mbele yake, akachovya majani kwenye maziwa na kumnyunyizia kichwani, na wazee wote wakaitikia baraka, hakuna aliyeondoka. Alipomaliza akageuka kwa watu.

"Nani amewachunga ng'ombe hawa?"

"Ni huyu mama wa Korogwe," Simaloi akasema.

Mzee akaja mpaka alipokaa Efrazia, akamkabidhi kibuyu cha maziwa kwa mikono yake. "Wameingia vizuri," akasema. "Hakuna aliyepotea." Kwa mchungaji hakuna sifa inayozidi hiyo, na Efrazia aliipokea kichwa kikiwa juu. Siku ile, mwanamke wa Dindira hakuinama.

Habari ilifika Manundu kabla yake, kama alivyoogopa, ila ilifika vingine. Mathias aliisimulia stendi, sokoni, kanisani, kila mara ng'ombe wakiongezeka na yeye mwenyewe akizidi kulia. Lile jina la Ziraili halikuitwa tena, na ukituuliza leo nani alilianzisha, kila mtu atamtaja jirani yake. Kamati tatu zilikuwa zinamngoja mlangoni Jumatatu. Efrazia aliziambia zikae kwenye benchi, zisubiri, maana kulikuwa na mtu ambaye shikamoo yake inatangulia.

Bibi Amne alikuwa kwenye kile kigoda cha kupigia picha, mbele ya ndege, kanga yake mpya, amemlazimisha mjukuu amlete. Efrazia akapiga magoti kumwamkia.

"Marahaba," bibi akasema. "Nasikia Handeni umewaingiza ng'ombe wa watu wote, hakupotea hata ndama. Mimi uliniondoa nikiwa na soda mkononi. Sasa kaa hapo, uniingize."

Efrazia akavuta kiti, akafungua kishikwambi, akamuuliza bibi angependa kupita mlango upi.